Darsa la nahau ya Qur'ani, Ngamiani: ukienda, kaa karibu na ubao

Nianze na bei, najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Darsa ni la nahau, yaani sarufi ya Kiarabu cha Qur'ani. Wiki 12, Jumamosi na Jumapili, baada ya Alasiri mpaka Magharibi inapokaribia: shilingi 45,000 ukilipa kwa mkupuo, au 15,000 kila mwezi. Ongeza 5,000 ya fotokopi. Hizo fotokopi nitazirudia, nina kesi nazo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimefundisha ngeli miaka 31 hapa hapa Tanga, na watoto wa wanafunzi wangu sasa ndio wananiamkia sokoni. Qur'ani nilihitimu nikiwa na miaka 11, na kama wengi wa rika langu nilihitimu kwa mdomo: nasoma bila kukwama, ila ninachofahamu ni kidogo mno. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969 ninayo, nimerithi kwa baba, nimeshaitia jalada jipya mara mbili. Lakini tafsiri inakupa nyumba iliyokwisha kupakwa chokaa. Mimi nilitaka kuziona boriti. Nilitaka kujua zile wa, fa na thumma, viunganishi vya Kiarabu, zinazojirudia kila aya zinashika nini.

Darsa liko ghorofani kwenye madrasa moja mitaa ya Ngamiani. Jina nalibana, kwa kuwa nina ya kulalamikia. Wanawake tulikuwa 14: muuguzi, wauza maandazi wawili, mabinti wa chuo, na mimi bibi yao. Wanaume walikuwa upande wa pili wa pazia. Hatukuwaona, ila vikohozi vyao tulivizoea. Ubao uko upande wao. Ukichelewa ukakaa nyuma, utaona nusu ya neno, na katika nahau nusu ya neno ndiyo isiyo na faida, kwa sababu kazi yote iko mwishoni. Fikeni mapema.

Wiki nne za mwanzo zilinichosha, sitaficha. Tulikariri Ajurrumiya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, ambacho ndicho mlango wa nahau katika madrasa nyingi. Kitabu hakina ubaya. Sentensi yake ya kwanza inasema maneno ni tamko lililoundwa kwa vipande vilivyounganishwa, likaleta faida kwa msikilizaji. Hapo tu, kwenye kuunganishwa, pangetosha mazungumzo ya siku nzima. Ustadh akaturudishisha sentensi ile kwa sauti mpaka koo likakauka, kisha akafungua ukurasa wa pili.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu yeyote anayefundisha Waswahili angelisema siku ya kwanza: maneno yao na yetu yanafanana, maana zimehama. Mimi nimeandika ubaoni miaka yote hiyo kwamba irabu ni a, e, i, o, u. Kumbe kwao irabu ni kule kubadilika kwa mwisho wa neno kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Dhamiri kwetu ndiyo inayomsuta mtu usiku. Kwao ni kiwakilishi, yeye, wewe, sisi. Binti mmoja wa chuo alikaa wiki mbili akidhani tunajifunza maadili. Hakuna aliyemwambia, mpaka nilipomnong'oneza mimi.

Wiki ya tano Ustadh akawa mtu mwingine. Alifika na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, akaandika sura ya Abasa, aya ya 18 mpaka 22. Maneno kwa nyeusi, viunganishi kwa nyekundu. Aya zinauliza mtu ameumbwa kwa kitu gani, zikajibu: kwa tone la manii, amemuumba fa-qaddarah, akamkadiria, thumma akamsahilishia njia, thumma akamfisha fa-aqbarah, akamtia kaburini, thumma akitaka atamfufua.

"Hesabuni nyekundu," akasema.

Fa mbili, thumma tatu. Fa, akaeleza, ni ya kufuatana bila pengo, tendo linakanyaga kisigino cha mwenzake. Thumma ina muda katikati. Sasa angalieni kati ya kufa na kuzikwa pamewekwa nini. Fa. Na kati ya kuzikwa na kufufuliwa? Thumma.

Mama yangu alifariki alfajiri. Alasiri wanaume walikuwa wamesharudi makaburini na sisi tumekaa mkekani. Abasa nimeisoma tangu nina meno ya utoto, na sikuwahi kujua kwamba haraka ile ya siku ile imo mle ndani, kwenye herufi moja iliyogandana na kitenzi. Na ile thumma inayofuata, urefu wake hajui mtu. Nilikaa na kalamu mkononi, sikuandika kitu mpaka darsa likaisha. Kwa siku hiyo peke yake nilishaona 45,000 yangu imerudi.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama fa ndiyo -ka- yetu: akafa, akazikwa. Kwa sababu, nikasema, -ka- yetu inapanga matendo lakini haina saa. Ukisema "akazikwa, akafufuliwa", msikilizaji hajui ni kesho au baada ya miaka elfu, lazima utie "papo hapo" au "kisha". Ustadh akatabasamu: "Bi Mwalimu, Kiswahili tukiache pale mlangoni na viatu." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini iliniuma, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko la fotokopi. Watu 14 wenye Kiswahili chao kilichojaa mishikamano, unawaambia wakivue!

Wiki ya nane viatu vikaingia ndani vyenyewe.

Tulikuwa kwenye sura ya Yusuf, aya ya 25, pale mke wa bwana aliyemnunua Yusuf anapomkimbiza mpaka mlangoni. Ustadh akamwomba mmoja wa wauza maandazi afasiri neno kwa neno. Dada wa watu akaanza vizuri: "Wakakimbilia mlangoni, akamrarulia kanzu yake kwa nyuma, wakamkuta bwana wake mlangoni."

Muuguzi akauliza, "Nani kamrarulia nani?"

Kimya. Kisha vicheko, mpaka upande wa wanaume. Kwa sababu kweli, kwa Kiswahili, nani kamrarulia nani? A- yetu haina mume wala mke. Na "bwana wake" ni bwana wa nani, wa yule mama kwa kuwa ni mumewe, au wa Yusuf kwa kuwa alimnunua? Kiarabu hakina mashaka hata kidogo. Wastabaqaa, wao wawili wakashindana mbio kwenda mlangoni, umbo la uwili kabisa. Qaddat, ile t ya mwisho inasema mwanamke ndiye aliyerarua. Qamiisahu, kanzu yake huyo mwanamume. Sayyidahaa, bwana wake huyo mwanamke. Herufi ya mwisho inabeba kesi nzima, na kesi ndiyo yenyewe inayofuata: katika aya mbili zinazofuata shahidi anasema kanzu ikiwa imechanika mbele, mwanamke kasema kweli, ikiwa imechanika nyuma, mwanamke kasema uongo. Kule hakuna haja ya kutaja jina la mtu. Vitenzi na viambishi vinapasiana watu wawili kama mpira na hauanguki.

Ustadh akanigeukia, kupitia pazia: "Bi Mwalimu, hapo Waswahili mnafanyaje?"

Nikamwambia tunafanya kama wafasiri wetu wanavyofanya: tunaingiza "yule mwanamke" na "Yusuf", na mabano juu. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliyaelewa mabano ya Sheikh Farsy. Utotoni nilidhani ni ufafanuzi wa ziada, kama mtu anayekuongezea chumvi. Kumbe mengine ni viraka pale lugha yetu isipokuwa na uzi wa rangi ile.

Lakini nikamwambia pia, ngeli usizidharau. Tukaenda pamoja kwenye Aya ya Nuru, sura ya 24 aya ya 35. Nuru yake ni kama mishkaat, kidaka ukutani, ndani yake mna misbaah, taa. Al-misbaahu, taa hiyo, imo katika zujaajah, kioo. Az-zujaajatu, kioo hicho, ni kama nyota ing'aayo. Kiarabu kinashona kwa al: neno linaingia mara ya kwanza tupu, kama mgeni, likirudi linarudi na al, sasa ni mwenyeji, tunamjua. Kila mshono unaanza pale uliopita ulipokomea. Sisi al hatuna. Tunayo "hiyo" na "hicho". Na kwa kuwa taa ni i- na kioo ni ki-, hata ukifumba macho ukasikia "kile" tu, unajua kinachosemwa si taa. Kidaka chenyewe nilikifahamu kuliko mabinti wote mle ndani, maana nyumba ya bibi yangu Pangani ilikuwa nacho, na kibatari kilikaa humo mpaka ukuta ukafanya weusi.

Tangu siku hiyo Kiswahili kikawa kinaingia darsani, kwa masharti, lakini kinaingia. Kama mwalimu angeanza hivyo wiki ya kwanza, tungekuwa mbali. Wanne walishaacha kufikia hapo.

Sasa fotokopi. Wiki ya sita tuligawiwa karatasi ya aya ya udhu, sura ya Al-Maida, aya ya 6. Mashine ilikuwa imechoka wino, na kilichotangulia kufutika ni irabu zenyewe, vile vistari na vijialama vya juu na chini. Kwa gazeti ungesema haidhuru. Kwa somo la nahau ni sawa na kuuziwa kanzu isiyo na mikono, na siku ile ilikuwa hivyo hasa, maana somo lote lilihusu kistari kimoja. Aya inasema osheni nyuso zenu na mikono yenu mpaka viwikoni, pangusieni vichwa vyenu, na miguu yenu mpaka vifundoni. Ukisoma arjulakum kwa fat-ha, kistari cha juu, miguu inavuka juu ya vichwa, inarudi kuungana na nyuso na mikono chini ya kitenzi cha kuosha. Ukisoma arjulikum kwa kasra, kistari cha chini, inakaa jirani na vichwa chini ya kupangusa. Msahafu wetu, wa kisomo cha Hafs, una fat-ha. Maimamu wengine wa visomo, Ibn Kathir wa Makka na Abu Amr wa Basra, wao walisoma kwa kasra, na visomo vyote viwili vinakubalika. Sisi Masuni tunaosha. Majirani zetu Mashia wa Ithnaasheri wanapangusa. Wanaoshikilia kuosha wanaongeza hoja nyingine ya kisarufi: miguu imewekewa mpaka, "mpaka vifundoni", kama mikono ilivyowekewa "mpaka viwikoni", na vichwa vinavyopanguswa havikuwekewa mpaka.

Somo zuri kiasi hicho, na karatasi mbele yetu haina fat-ha wala kasra. Kila mtu alitia kistari chake kwa penseli, na jirani yangu akakitia kwenye neno la pembeni. Nilipeleka malalamiko ofisini, nikajibiwa kwamba mashine itatengenezwa inshallah. Mpaka wiki ya 12 inshallah hiyo ilikuwa bado iko njiani.

Mengine nayapitia haraka. Umeme ulikatika mara tatu, tukasomea dirishani. Chai ipo, ya rangi, sukari nyingi mno. Choo cha wanawake ni safi. Mitihani hakuna, na nadhani ingefaa iwepo, watu wangekariri kwa adabu zaidi.

Kuhusu kiwango cha somo: mtu asiyejua kabisa kusoma herufi za Kiarabu asiende, atapoteza hela. Anayesoma Qur'ani kwa mdomo kama nilivyokuwa, huyo ndiye mteja hasa, kwa sababu aya anazo kichwani tayari na anachohitaji ni kuonyeshwa nyuzi. Nitawapa mfano wa kitu ambacho hukipati kwa tafsiri peke yake. Surat Ar-Rahman, lile swali linalorudi mara 31, "basi ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha?" Hilo "wenu" kwa Kiarabu ni rabbikumaa, nyinyi wawili. Linatokea kwanza aya ya 13. Wawili gani? Hujaambiwa. Aya ya 14 anatajwa mwanadamu aliyeumbwa kwa udongo mkavu, aya ya 15 jini aliyeumbwa kwa moto. Kiwakilishi kimetangulia, wenyewe wanakuja nyuma. Kama mtu anayepiga hodi akisema "tuko wawili" kabla hujafungua mlango. Sura nzima baada ya hapo imejaa vitu viwili viwili, bahari mbili, mashariki mbili, bustani mbili, na ule uwili wa swali unavifunga vyote. Kwa Kiswahili unasikia marudio tu. Marudio ni mazuri, lakini nusu ya kazi imefichika.

Au Laylatul Qadri: innaa anzalnaahu, hakika tumekiteremsha. Hu ni nini? Hakikutajwa kabla katika sura hiyo. Msomaji wa Kiarabu anapokea kiwakilishi kitupu, anajaza mwenyewe: ni Qur'ani, nini kingine? Mfasiri wa Kiswahili hana anasa hiyo. Akiandika tumei- ameshachagua Qur'ani, akiandika tumeki- ameshachagua kitabu. Ngeli zetu haziwezi kunyamaza. Hili nililisema mwenyewe darsani na Ustadh akaliandika kwenye daftari lake, nikamwona kwa pembeni ya pazia. Basi, hapo nilimsamehe ya viatu.

Darsa la mwisho lilikuwa Al-Fatiha, na nilidhani hapo hatuna jipya, sura tunayoisoma mara 17 kwa siku katika sala za faradhi peke yake. Ustadh akasimama akitupa mgongo, anatazama ubao, akaanza kuelezea mtu kana kwamba hayupo: Yeye ni Mola wa viumbe wote, Yeye ni Mwingi wa rehema, Yeye ndiye mwenye Siku ya Malipo. Sauti ya chini, ya mbali. Kisha ghafla akageuka: "Wewe! Wewe tu ndiye tunayekuabudu!" Binti wa mbele akaangusha kalamu. Kugeuka huko, akasema, wanakiita iltifati, kugeuza shingo. Aya nne, ukihesabu Bismillahi, unamzungumzia Mungu kwa "Yeye", halafu kwenye iyyaaka unamkuta mbele yako, na hakuna aliyesema "sasa mgeukie". Kiwakilishi ndicho kilichogeuka. Na neno hilo limetangulizwa mbele ya kitenzi, ndiyo maana kwa Kiswahili huwezi kusema "tunakuabudu" ukaishia hapo. Lazima uweke "tu" au "ndiye", la sivyo umempunguzia.

Hapo akamtaja Abdulqahir al-Jurjani, mwanachuoni wa nahau aliyefariki mwaka 1078, aliyeshikilia kwamba uzuri wa maneno hauko katika neno moja moja, uko katika nadhm, namna yanavyoshikana kwa sheria za nahau. Nadhm, akasema, asili yake ni kupanga lulu kwenye uzi, na ndiyo hiyo hiyo ya kupanga beti. Mama mwingine wa maandazi, aliyekuwa hajasema kitu wiki 12, akasema kwa sauti ndogo, "Si ndiyo kutunga? Unatunga ushanga, unatunga shairi." Ustadh akanyamaza kidogo, kisha akaandika neno hilo ubaoni kwa kalamu nyekundu. Kutunga.

Nawapa saba kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa wiki nne za kukariri, moja ya fotokopi. Daraja la pili linaanza Mfungo Mosi, watasoma Yusuf nzima. Nimeshalipa 45,000 kwa mkupuo. Ile 5,000 nimekataa kuitoa. Nitabeba msahafu wangu mwenyewe, wenye vistari vyake vyote.